Usukani Uliokula Gia Mara Mbili: Uchambuzi wa Kisa cha Mashine ya Kukatia Majani, Pwani ya Mashariki ya Unguja

Kisa hiki ni cha mashine ya kukatia majani, ile ya kupanda na kuendesha kama trekta dogo, inayofanya kazi kwenye hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja. Jina la hoteli, majina ya watu na mwaka nimeyaacha, na jambo moja mawili ambalo lingemtambulisha mtu nimelibadilisha. Nimekiandika kwa ajili ya mafundi wa mashine ndogo na wasimamizi wa bustani, kwa sababu ubovu wake ni wa kawaida mno katika mashine za pwani, na njia iliyotumika kuutafuta mara ya kwanza ndiyo inayotumika karibu kila mahali.

Mashine na mahali inapofanya kazi

Hoteli ina uwanja wa nyasi unaoteremka taratibu kutoka mapokezi hadi ukuta wa ufukweni. Udongo wa upande ule ni mwembamba, umelala juu ya mwamba wa matumbawe. Kila masika mvua huosha mchanga, na vichwa vya mawe vilivyokuwa vimefunikwa mwaka uliopita huchomoza katikati ya majani. Maji ya kisima ni ya chumvichumvi. Banda la mashine ni la makuti, limeachwa wazi upande wa bahari, kwa hiyo upepo wa kusi ukivuma, unyevu wa chumvi huingia moja kwa moja na kutulia juu ya kila chuma.

Mwendeshaji ni kijana wa kijiji cha jirani, mwangalifu, anayeipenda kazi yake. Naomba hili likumbukwe, maana mbele kuna mahali ambapo msomaji anaweza kumdhania uzembe, na itakuwa kumwonea.

Kwa asiyeufahamu usukani wa mashine hizi, mpangilio wake ni huu. Usukani umefungwa juu ya shafti. Chini ya shafti kuna gia ndogo, pinieni. Pinieni inaumana na bamba la chuma lenye umbo la kipande cha duara, lenye meno ukingoni. Bamba hilo huzunguka kwenye bolti yake, na likizunguka linavuta na kusukuma tairodi mbili, yaani fimbo nyembamba za chuma, moja ya kila upande. Kila tairodi imeshika mkono wa spindeli. Spindeli ni chuma kimoja chenye sehemu mbili: mhimili uliosimama, unaozunguka ndani ya bushi (kipande cha bomba la chuma kinachouvaa mhimili) mwishoni mwa ekseli ya mbele, na kijiti kilicholala ambacho ndicho kinachobeba tairi. Ekseli nzima nayo imefungwa katikati kwa bolti moja nene ili iweze kuinuka upande mmoja tairi linapopanda tuta.

Hakuna haidroliki, yaani nguvu ya mafuta yaliyoshindiliwa, ya kusaidia. Nguvu yote ni ya mikono ya dereva, na njia yote inapitia meno machache ya bamba lile. Bamba lenyewe aghalabu hukatwa kwa kubonyezwa kutoka kwenye chuma bapa. Ni imara kwa kazi yake, lakini halikutengenezwa kupigana na kitu kilichokwama.

Tatizo lilivyoanza

Mwendeshaji alieleza historia kwa mpangilio ambao, kwangu mimi, ulikuwa nusu ya matengenezo. Mwanzo usukani ulikuwa mzito. Hakuna aliyejali, kwa sababu mashine ilikuwa inakata. Uzito ule ukaongezeka polepole, msimu mzima wa vuli, mpaka akawa anasimama kidogo kwenye kiti ili apate nguvu ya kupinda kona. Baada ya hapo ndipo usukani ulipoanza kucheza: anauzungusha karibu robo ya mzunguko kabla matairi hayajaitikia. Mwisho ukaanza kuruka. Akipinda kushoto, chini ya boneti kunasikika mlio mkavu, kak, usukani unazunguka na matairi hayaendi.

Alipouliza, aliambiwa mashine imezeeka. Fundi aliitwa siku mashine iliposhindwa kupinda mbele ya bwawa la kuogelea na kuparamia ukingo wa mawe.

Uzito ulitangulia, kucheza kukafuata. Mpangilio huo ulikuwepo kichwani mwa kijana yule tangu siku ya kwanza. Fundi wa mwanzo hakumuuliza yeye. Alimuuliza msimamizi, na msimamizi alichokijua ni kimoja tu, kwamba usukani unaruka.

Matengenezo ya kwanza

Fundi wa mwanzo alifungua sehemu ya chini, akakuta meno ya katikati ya bamba yamelika na mawili yamevunjika. Uamuzi wake ulikuwa wa kueleweka: bamba jipya na pinieni mpya. Na alikuwa sahihi kubadilisha vyote viwili kwa pamoja, kwani pinieni iliyolika huharibu bamba jipya haraka sana.

Vipuri viliagizwa kwa picha. Ofisi ya manunuzi ilipiga picha ya bamba bovu kwa simu, ikatuma kwa muuzaji wa Dar es Salaam, naye akaleta kilichofanana. Bamba lilikaa vizuri. Pinieni ilikataa: tundu lake lilikuwa dogo kuliko shafti. Kurudisha maana yake ilikuwa kusubiri wiki nyingine, nyasi zinakua, na msimamizi alikuwa anapiga simu kila asubuhi. Basi tundu likapanuliwa kwa tupa.

Mashine ikarudi kazini. Haikuruka tena, lakini ilibaki nzito. Mwendeshaji alipolisema hilo aliambiwa vyuma vipya vinahitaji kuzoeana. Masika yalipoingia na nyasi zikawa nene, mlio ule ukarudi, na safari hii bamba lilikuwa halijamaliza hata mwaka. Hapo ndipo nilipoitwa mimi na msaidizi wangu.

Ukaguzi

Tulianza kwa usalama. Mashine iliwekwa juu ya sakafu ya zege nyuma ya jiko. Mchangani haifai, kwani jeki hudidimia ikaegemea upande bila kutoa taarifa. Breki ya kuegesha ilifungwa, ufunguo ukatolewa, waya wa plagi ukachomolewa, na matairi ya nyuma yakazuiwa kwa vipande vya mbao. Nasisitiza mbao, maana hapa kwetu mkono hukimbilia tofali la saruji. Tofali linaweza kupasuka ghafla likielemewa sehemu moja, na chini yake kuna mtu amelala chali.

Kabla ya kufungua bolti yoyote tulipima upepo wa matairi. Mashine nyingi za aina hii hutaka kati ya psi 10 na 14 tu, chini kabisa ya tairi la gari, na kiwango cha juu huandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi la mbele kulia lilikuwa limelala nusu, la kushoto limejazwa kama la pikipiki. Tuliyaweka sawa na kumwomba mwendeshaji aizungushe mashine polepole. Tabia ya kuvuta kulia ikapungua. Uzito na kucheza vikabaki vilevile. Tairi lililolegea linaweza kuufanya usukani kuwa mzito, kwa hiyo lazima liondolewe kwenye hesabu mapema, tena halina gharama.

Hatua ya pili ni kazi ya watu wawili. Msaidizi alikaa kitini akawa anatikisa usukani kushoto na kulia, mwendo mdogo tu. Mimi nililala chini na tochi nikifuata ule mtikisiko kiungo kwa kiungo, nikiweka kidole juu ya kila kiungo, nusu kwenye chuma hiki na nusu kwenye kile. Kidole huhisi kabla jicho halijaona. Bolti ya juu ya shafti ilikuwa imekaza. Bushi ya chini ya shafti ilikuwa na mwanya kidogo. Pinieni na bamba ndipo palipokuwa na mchezo mkubwa, lakini palikuwa na ajabu: kila usukani ulipomaliza mzunguko, meno yalibana na kisha yakaachia. Hiyo ni dalili ya gia ambayo tundu lake haliko katikati. Tupa ilikuwa imekula zaidi upande mmoja, na pinieni ikawa inazunguka kiupandeupande.

Kama tungeishia hapo, tungekuwa na jibu zuri la kumpa msimamizi: pinieni ilifungwa vibaya, leteni nyingine. Na tungekosea. Pinieni ile ilieleza kwa nini bamba la pili limekufa mapema. Haikueleza lile la kwanza, wala ule uzito uliokuwepo kabla ya fundi yeyote kugusa mashine.

Tukainua ekseli ya mbele kwa jeki katikati, tukaiegemeza juu ya mbao, matairi yote mawili yakaning'inia. Kisha tukafungua tairodi kwenye mikono ya spindeli, pande zote mbili. Hii ndiyo hatua ambayo mafundi wengi huiruka, na ndiyo niliyoiandikia kisa hiki. Ukishazitoa tairodi, usukani haujui tena habari za matairi, wala matairi hayajui habari za usukani. Kila upande unajieleza wenyewe.

Usukani bila tairodi ulizunguka kwa kidole. Tairi la kushoto nilipolisukuma lilipinda mpaka mwisho wake na kurudi, laini kabisa. La kulia nililisukuma kwa mkono mmoja, halikwenda. Kwa mikono miwili, halikwenda. Niliweka goti dhidi ya ekseli nikalivuta kwa nguvu zangu zote, likatoa mlio wa kukwaruza na kusogea kama upana wa kidole, likabaki palepale.

Msimamizi alikuwa amesimama karibu. Nilimwomba ajaribu mwenyewe, la kushoto kwanza, halafu la kulia. Baada ya hapo sikuhitaji kumweleza mengi.

Mwendeshaji ndiye aliyeshtuka zaidi. "Fundi, mimi kila wiki natia grisi, wallahi. Pande zote mbili."

"Najua. Hebu tia sasa hivi, mdogo wangu, nikiona."

Akaleta pampu ya grisi, akaibana kwenye nipeli ya kushoto, kile kichuchu cha kupitishia grisi, na kupampu. Grisi kuukuu, nyeusi, ikajitokeza juu na chini ya mhimili. Akahamia kulia. Akapampu, na grisi mpya, safi, ikatoka pembeni mwa mdomo wa pampu na kutambaa juu ya nipeli. Yeye siku zote alipoiona imejaa pale nje alijua imeingia. Haikuwa imeingia hata tone. Tulipoifungua ile nipeli, kijitundu chake kilikuwa kimeziba kwa kutu na grisi iliyokauka ikawa ngumu kama lami.

Tulipiga nyundo ya mbao kuutoa mhimili baada ya kuulowesha usiku kucha kwa mafuta ya kulegeza kutu. Moto hatukutumia, kwa sababu kuna petroli karibu na tairi karibu zaidi. Chuma kilichotoka kilikuwa na vishimo vya kutu kuanzia katikati hadi chini, na bushi ya chini ilikuwa imekuwa yai, imelika upande mmoja. Ndani kulikuwa na uji mgumu wa grisi, mchanga mweupe na chumvi.

Tairodi ya kulia nayo ilikuwa imepinda kidogo, kiasi kwamba ukiitazama peke yake huioni. Ukiilaza juu ya meza ya kioo unaona mwanga chini yake. Upande mmoja kuna dereva anayesukuma kwa nguvu zote, upande wa pili kuna spindeli isiyotaka, katikati kuna fimbo nyembamba. Huenda na jiwe lilichangia. Matokeo yake tairi la kulia lilikuwa linatazama nje, na hiyo ikaeleza malalamiko mengine ambayo mtunza bustani alikuwa akiyatoa kwa muda mrefu bila ya mtu kuyahusisha na usukani: nyasi kuchunwa kwenye kona.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kuisimamisha mashine. Msimamizi alitaka iendelee mpaka vipuri vifike, kwa sababu masika ndiyo wakati nyasi zinakimbia na wafanyakazi wengi wako likizo. Nilikataa. Uwanja unateremka kuelekea ukuta wa ufukweni, na usukani unaoruka hauchagui mahali pa kuruka. Tulikubaliana watumie mashine ya kusukuma sehemu za mbele wanakopita wageni, na fyekeo kwingineko.

La pili lilihusu bamba. Lilitolewa wazo la kujaza meno kwa kuchomelea na kuyachonga upya, na mchomeleaji mzuri tunaye. Nililikataa kwa sababu mbili. Joto la kuchomelea hupinda bamba jembamba kama lile, na jino lililochongwa kwa mkono halipati umbo la jino la kiwandani. Litakula pinieni mpya ndani ya muda mfupi. Bamba, pinieni, spindeli ya kulia na tairodi ya kulia viliagizwa vipya. Safari hii tuliandika namba ya modeli na namba ya mashine kutoka kwenye kibandiko kilicho chini ya kiti, ambako mashine nyingi za aina hii huwekewa namba hizo, na hatukutuma picha kabisa mpaka muuzaji alipokwisha kutaja namba ya kila kipuri.

La tatu lilikuwa bushi. Hizi tuliamua zichongwe hapa hapa, mjini, kwa shaba. Ni kazi rahisi kwa mchongaji mwenye mashine nzuri: mhimili wa milimita 19, bushi inayoingia kwa kugongwa kidogo kwenye ekseli na kuuacha mhimili uzunguke kwa mkono bila kutikisika. Sharti langu moja lilikuwa asichonge mpaka spindeli mpya iwe mkononi mwake. Kupima kwa spindeli iliyolika ni kuchonga bushi ya chuma ambacho hakipo tena.

Tairodi ya kushoto na spindeli ya kushoto tulizibakisha. Boljointi ya tairodi ile, yaani kiungo chake cha tufe, ilikuwa na mchezo mdogo, si wa kuhatarisha, na bajeti ya hoteli msimu ule ilikuwa finyu.

Kazi yenyewe

Ufungaji ulikwenda bila ya mikasa, kwa hiyo nataja yale tu ambayo hukosewa.

Nipeli zote mbili zilibadilishwa kwa mpya, na kabla ya kufunga spindeli tulipitisha waya kwenye njia ya grisi ndani ya ekseli ili tuone uwazi mpaka upande wa pili. Nipeli mpya juu ya njia iliyoziba haina faida. Tulitumia grisi isiyosombwa na maji, ile wanayotumia mafundi wa mashine za boti, ambayo katika ukanda wa pwani inapatikana bila ya shida.

Bolti ya katikati ya ekseli ilikuwa imelegea. Tuliikaza mpaka ekseli ikawa inapanda na kushuka bila kwenda mbele na nyuma. Nati zenye pete ya nailoni hatukuzirudisha, tuliweka mpya, kwani pete ile ikishafunguliwa hupoteza ule ushikaji wake.

Kati ya pinieni na bamba tuliacha mwanya mdogo sana. Ukibana kabisa, usukani unakuwa mzito na meno yanasagana, ukiachia, yanaruka. Tuliuzungusha usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine mara kwa mara tukisikiliza kama kuna mahali panabana, na hapakuwepo.

Mwisho tukapanga uelekeo wa matairi ya mbele. Usukani ukiwa katikati, tulipima kwa futi umbali kati ya rimu mbili, kwenye usawa wa kitovu cha tairi, mbele kwanza na halafu nyuma. Mbele pawe pamekaribiana kidogo kuliko nyuma. Tuliishia na tofauti ya milimita 4. Marekebisho hufanywa kwa kuzungusha ncha ya tairodi yenye uzi, kisha nati yake inakazwa na kupimwa tena, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza kipimo.

Matokeo

Mwendeshaji alizunguka uwanja mzima akiwa amekaa. Mchezo wa usukani uliobaki, ukipimwa ukingoni mwa gurudumu la usukani, ni kama upana wa vidole viwili. Nyasi za kona zimeacha kuchunwa. Nilipopita baada ya masika yaliyofuata, meno ya bamba yalikuwa na mng'aro wa kawaida wa kazi, bila ya ncha iliyolika.

Si kila kitu kilikwenda vizuri. Hoteli iliendelea kwa muda kuiosha mashine kwa pampu ya maji ya nguvu, na kwa maji yaleyale ya kisima. Maji ya namna hiyo yakielekezwa kwenye kiungo husukuma grisi nje na kuacha chumvi ndani. Niliandika kwenye taarifa yangu kwamba mashine isafishwe kwa brashi na upepo, na ikilazimika kuoshwa basi grisi itiwe siku hiyohiyo. Taarifa ilikaa ofisini. Ilianza kufuatwa pale mwendeshaji mwenyewe alipoiomba, akaibandika ukutani bandani.

Uchambuzi

Bamba lililolika lilikuwa ubovu wa kweli, ila ulikuwa ubovu wa mwisho katika msururu. Mlango ukivimba kwa mvua na ukaulazimisha, kinachovunjika ni kitasa. Ukiweka kitasa kipya bila ya kuuranda mlango, nacho kitavunjika. Msururu wa hapa ulianza na nipeli iliyoziba. Mhimili ukakosa grisi, chumvi ikaingia, spindeli ikaganda, mikono ya dereva ikaongeza nguvu, na nguvu hiyo ikatafuta mahali dhaifu pa kuvunja. Mahali hapo palikuwa meno ya bamba.

Kwa nini meno yaruke kushoto tu? Swali hili lilinisumbua mpaka nilipomtazama mwendeshaji akikata. Mdomo wa kutolea majani kwenye mashine ile uko kulia, kama ilivyo kwa nyingi. Dereva anayetaka majani yaruke nje, upande uliokwisha kukatwa, huuzunguka uwanja akipinda kushoto kila kona, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Kwa hiyo upande mmoja wa kila jino ulifanya kazi karibu yote na upande wa pili ulipumzika. Fundi akiona ulikaji wa upande mmoja asikimbilie kusema kipuri ni kibovu. Atazame kwanza mashine inatembeaje.

Kilichosaidia zaidi katika ukaguzi ni kuzitenganisha pande. Kutikisa usukani na kufuata mchezo kunaonyesha palipolegea tu. Pale palipokwama hapaonyeshi, kwa sababu kilichokwama hakitikisiki. Kinaonekana kizima kuliko vyote. Spindeli ya kulia, mashine ikiwa imefungwa, ilikuwa ndiyo imetulia kupita viungo vyote vya mbele. Ndiyo sababu fundi mwenye macho makali kabisa anaweza kuipita. Kufungua nati mbili za tairodi ni kazi ya dakika chache na haihitaji kipuri hata kimoja.

Kwa fundi wa mwanzo, sioni haki kumlaumu kwa kubadilisha bamba. Alibadilisha kilichovunjika. Lililokosekana ni swali la nguvu iliyolivunja ilitoka wapi, na swali hilo lilikuwa na jibu kitini, kwa kijana aliyekuwa akisimama ili apinde kona. Tupa kwenye tundu la pinieni ni jambo jingine. Pale alisukumwa na haraka ya hoteli, na haraka hiyo ilizaliwa na kipuri kilichoagizwa kwa picha. Picha haionyeshi kipenyo cha tundu. Wakati mwingine haionyeshi hata idadi ya meno kwa uhakika.

Na kwa mwendeshaji: kijana huyu alitia grisi kila wiki, kwa uaminifu, na mashine ikafa kwa kukosa grisi. Hakufundishwa jambo moja tu, kwamba grisi iliyoingia huonekana kwa kuukuu inayotoka juu na chini ya mhimili. Ile inayojikusanya juu ya nipeli imekataliwa mlangoni. Sasa analijua, na nimemwona akimwonyesha mtunza bustani mpya.

Yaliyobaki

Boljointi ya tairodi ya kushoto bado ni ya zamani, na mchezo wake umeongezeka kidogo. Nimewaomba waagize kabla ya masika yajayo, kwa namba iliyo chini ya kiti. Mawe mawili karibu na ukuta wa ufukweni yametiwa rangi nyeupe ili dereva ayaone, lakini lile la karibu na mnazi wa kona linahitaji kuvunjwa, kwani tairi la kulia ndilo linalolipanda kila mara, na spindeli mpya iko upande huohuo.